Chini ya Mbili

DADA: Haloo? Mama?

KITINDA: Nani mwenzangu?

DADA: Dada yako. Leo Jumamosi, nimempigia Mama. Mbona simu yake unapokea wewe?

KITINDA: Aa, Dada. Shikamoo.

DADA: Marahaba. Mpe simu.

KITINDA: Mtandao wenyewe huu... (mkwaruzo) ...hayupo. Tulimpeleka jana.

DADA: Mlimpeleka wapi?

KITINDA: Kule nyumba ya wazee. Si tulikubaliana? Daktari aje, ampime kwa lile fumbo lako dogo la namba. Akiliweza abaki kwake, akishindwa —

DADA: Mama hashindwi. Anajaza mafumbo yangu ya gazeti kila wiki, penseli nyuma ya sikio kama bado yuko kwenye cherehani.

KITINDA: Ndiyo hivyo. Daktari alikuja Jumatano. Mama alikaa nalo saa nzima. Ilitia huruma.

DADA: Lile la vyumba kumi na sita? Unajaza moja hadi nne, na kuna kamstari kamoja ka vyumba vitatu? Unaanzia kwenye duara, namba zinapanda. Mwanao wa darasa la kwanza analimaliza huku anakula.

KITINDA: Uzee, Dada. Alisema halina jibu. Daktari akaandika hapohapo kwamba ameshindwa.

DADA: Alisemaje hasa?

KITINDA: Alikuwa anagongagonga karatasi kwa kidole. Anasema chini ya mbili ipo moja tu, na vyumba ni viwili. Akarudia, akarudia. Mimi na wifi yako tukatazamana.

DADA: Mbili nimeshaiandika mimi mwenyewe kwenye duara. Mbili, tatu, nne. Chini ya mbili imetoka wapi?

KITINDA: Sijui mimi, mambo ya —

DADA: Karatasi ulichora wewe?

KITINDA: Macho yake hayawezi maandishi ya simu. Nikamchorea kubwa.

DADA: Duara uliliweka wapi?

KITINDA: (mkwaruzo) ...sikusikii vizuri...

DADA: Unanisikia.

KITINDA: ...Kwenye ule mwisho mwingine wa mstari. Kuteleza si kuanguka, Dada.

DADA: Kwa hiyo mbili ikawa juu kabisa, na vyumba viwili chini yake. Vijazwe nini, na namba ndogo kuliko mbili ni moja tu? Mama alikuwa sahihi. Mle ndani yeye peke yake ndiye aliyekuwa na akili zake. Nini hicho kinagonga?

KITINDA: Fundi. Anabadilisha kitasa.

DADA: Cha mlango wa Mama?

KITINDA: Wifi yako anaogopa wezi. Tunahamia kesho.

DADA: Fundi mlimwita lini?

KITINDA: Jumatatu.

DADA: Na daktari alikuja Jumatano.

KITINDA: (mkwaruzo) ...mtandao huu...

DADA: Wewe kitindamimba wake. Alikuwa anashona huku amekubeba mgongoni.

KITINDA: Wewe uko mbali. Unapiga simu, mnacheka, unakata. Mimi nina watoto wanne kwenye chumba kimoja.

DADA: Nipe namba ya daktari.

KITINDA: Ya nini? Mama ameshatia sahihi karatasi za kuhamia kule.

DADA: Mlimlazimisha?

KITINDA: Kwa mkono wake mwenyewe. Mwanzo aligoma, akasema fumbo ndilo bovu. Nikamwambia limetungwa na wewe.

DADA: Ukamwambia nini?

KITINDA: Si ndio ukweli? Akalitazama tena. Akasema, "Kama ni kazi ya mwanangu, halina kosa. Basi kichwa changu ndicho kimeharibika." Akaomba kalamu.

DADA: (kwa sauti ya chini) Akaomba kalamu.

KITINDA: Dada? Upo?

DADA: Nakuchukia. Sikia vizuri, nakuchukia. Mpelekee simu yake, nimwambie mimi mwenyewe —

KITINDA: Kule simu haziruhusiwi.

DADA: Basi mwambie wewe. Salio langu linaisha. Mwambie alikuwa sahihi, hilo tu, mwambie Mama alikuwa —

KITINDA: Nikimwambia hivyo si atataka kurudi? ...Haloo? Haloo? ...Imekatika. Fundi, endelea.