Kaa Kwanza, Baba Esta

Mwezi wa tisa mwaka 1981 nilimpoteza mke wangu, Mama Esta. Ndugu zangu, hata hivyo nasema Bwana asifiwe! Nasema polepole, kwa sababu bado inauma.

Tulikaa kijijini, upande wa Samuye. Mvua ilikuwa imekosekana, na wazee wakaamua kila nyumba ipeleke kifaranga kwa mfumu, mwaguzi wetu, ampasue na kutazama ndani yake ni nani aliyeifunga mvua. Mimi na Mama Esta tulikuwa tumeokoka. Tulikataa. Basi tukatengwa. Asitusalimie mtu, asitupe moto wala chombo, wala asije msibani kwetu. Atakayevunja agizo, naye atatengwa. Aliyepita akilitangaza ni Masanja, jirani yangu wa ng'ambo ya uzio wa minyaa.

Ndugu zangu, kutosalimiwa ni kitu kibaya! Unapita njiani, watoto uliowalisha nyumbani kwako wanageuza nyuso. Nilikuwa nikirudi nyumbani nimejaa hasira. Mama Esta ananicheka kidogo, ananisogezea kigoda.

"Kaa kwanza, Baba Esta. Hasira haina miguu, wewe ndiye unayeibeba."

Kisha homa ikamshika. Nilikwenda kwa Masanja kuomba mkokoteni wake wa ng'ombe nimpeleke zahanati. Aliniangalia, akaingia ndani, akafunga mlango. Nilimbeba mke wangu mgongoni mpaka nikaishiwa nguvu, nikarudi naye. Alfajiri alikata roho mikononi mwangu. Sijui kama mkokoteni ungemponya. Sitasema nisilolijua.

Esta, binti yetu wa pekee, alikuwa ameolewa Chato. Kanisa letu lilikuwa mbali, na sikuwa na mtu wa kumtuma. Nilimfunika Mama Esta, nikachukua panga, nikaelekea kwa Masanja. Siwafichi, ndugu zangu: sikuwa nakwenda kuongea!

Nilipofika kwenye minyaa nikamkumbuka Mama Esta. "Kaa kwanza." Nikakaa pale pale mavumbini, panga mapajani. Sikuomba maombi mazuri. Nilisema tu, "Bwana, nishike." Nilikaa mpaka hasira ikapoa. Kisha nikarudisha panga ndani, nikachukua jembe, nikaanza kuchimba kaburi.

Ardhi ya kiangazi ni ngumu kama chungu kilichochomwa. Jua lilipanda sana, nami shimo halijanifika magotini. Nikaona kivuli. Alikuwa Masanja, ameshika sururu aliyorudi nayo zamani kutoka machimbo ya dhahabu ya Geita. Tukatazamana. Hakunisalimia.

"Toka humo," akasema. "Unachimba kama mtu anayetafuta viazi."

Nikatoka, akaingia yeye. Tulipokezana mpaka kaburi likatosha. Tukamzika sisi wawili. Niliimba peke yangu; Masanja alivua kofia. Watu walitazama kwa mbali, hakuna aliyesogea. Kama aliniona asubuhi kwenye minyaa, sijui. Sikumwuliza.

Lakini ningeivuka ile minyaa, Mama Esta angezikwa na nani? Namshukuru Mungu aliyenikalisha chini! Nawe unayenisikia, ambaye mambo yako yameharibika, usikimbilie panga. Kaa kwanza. Mtumaini Bwana hata kama huoni kitu. Sikuahidi kwamba utarudishiwa ulichopoteza. Mimi sikurudishiwa. Nilishikwa mkono, basi.

Jioni ile ile kijiji kilimtenga Masanja. Viberiti vilikuwa havipatikani dukani siku zile, na moto nyumbani kwake ulizimika. Asubuhi nilimwona anauzunguka uzio, ana kigae mkononi, mpaka mlangoni pangu.

"Mwangaluka, Baba Esta," akasema. Tangu tutengwe hakuna jirani aliyekuwa amenitakia asubuhi njema. "Nimekuja kuomba moto."

Nikainama jikoni, nikamwekea makaa kwenye kigae.