Herufi Inayokalia Viti Viwili

Mtaalamu alikuwa ametoka nje ya zahanati kupumua kidogo, kahawa imempoa mkononi. Yeye ndiye aliyeandika programu inayochapa majina ya wagonjwa kwenye chupa za damu, na Jumatatu aliihamishia kwenye lugha nyingine ya kompyuta, yenye kasi zaidi. Leo Alhamisi muuguzi kakuta chupa mbili zenye jina moja. Alipotamka tu kwamba kosa liko kwenye majina, wenye benchi la kahawa pale nje, Kinyozi na mshonaji aitwaye Mzee Cherehani, hawakumwachia hata nafasi ya kuogopa kwa raha zake.

— Kwani jina si jina tu? akauliza Kinyozi.

— Kwako wewe. Kompyuta inaliweka kwenye visanduku, halafu inavipitia kimoja kimoja. Lugha ya zamani ilikuwa inahesabu herufi. Hii mpya inahesabu visanduku. Lebo, ile karatasi ya jina kwenye chupa, ina nafasi kumi na mbili, zikijaa, inakata.

— Si ni herufi moja, kisanduku kimoja?

— Hizi zetu, ndiyo. Zile za kigeni zenye alama kichwani zinakalia viwili.

— Zimenenepa! akadakia Mzee Cherehani. Ndiyo maana wahenga wakasema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Sasa hapo mwenyeji kapona nini, mzee wangu? akauliza Mtaalamu.

— Mie naona hiyo kompyuta ina wivu, akasema Kinyozi. Inanyoa majina makusudi. Mwisho itatunyoa wote tubaki namba tupu, na fimbo ya mbali haiui nyoka!

— Jamani, nyamazeni! akasema Mtaalamu. Ikikata herufi katikati, mashine ya kuchapa inashindwa kuisoma. Ikishindwa, inarudia lebo iliyotangulia. Niliiagiza mwenyewe, ili isikwame.

Mzee Cherehani akaweka kikombe chini.

— Kwa hiyo damu ya mgeni inabeba jina la aliyemtangulia.

— Ndiyo. Hizo mbili za leo tumezizuia. Wenyewe watatolewa damu upya.

Mama mmoja aliyesimama kando akisubiri kahawa yake alifungua mkoba, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

— Mwanangu, haya majibu nilipewa Jumanne. Dawa nimeambiwa nianze leo. Ni yangu?

Mtaalamu aliipokea, akalisoma jina mara mbili. Lilikuwa limeandikwa sawasawa, herufi zote, kama ambavyo lingeandikwa pia kwenye chupa ya mgeni aliyemfuata, na hilo halikumwambia kitu.