Swali la Memsahibu kwa Mume wa Eliwaza

Kijiwe chetu cha Same kilikuwa katikati ya stesheni na Boma, kwenye ukuta wa ghala la nafaka, mahali kivuli kinapokaa mpaka adhuhuri. Nasema chetu, lakini kazi ilikuwa yangu. Mimi Asheri nilichemsha kahawa, nikapepea moto, nikaosha vikombe, na wenzangu wakaongea. Kikombe kimoja kiliwatosha kuitawala nchi tangu asubuhi. Siku ninayoisema, mwaka ule Malkia wa Uingereza alipovikwa taji, benchi lilikuwa na watu watatu. Stefani tulimwita Stimu, kwa sababu alichochea moto wa garimoshi mpaka uzeeni, na tangu astaafu kila jambo la dunia kwake lilikuwa treni. Melkizedeki tulimwita Hakimu. Alikuwa tarishi wa baraza, alisimama mlangoni miaka mingi akisikiliza kesi za watu, akatoka na methali nyingi na sheria kidogo. Wa tatu alikuwa mgeni, Aminiel wa Myamba, aliyeteremka mlimani na lori alfajiri pamoja na mkewe, amevaa koti la kuazima lililombana makwapani.

Mkewe Eliwaza alikuwa Bomani, kwenye ofisi ya serikali, kwa memsahibu mmoja wa Kizungu, akiomba kazi ya Bibi Maendeleo, ile ya kuwafundisha kina mama wa milimani kusoma, kushona na kulea watoto. Na alikuwa mjamzito, miezi ya mwisho, katika umri ambao wenzake wanabeba wajukuu.

— Roho inanidunda, ndugu zangu, alisema Aminiel. Miguu imemvimba, viatu haviingii. Nilimwambia tungoje ajifungue kwanza. Akasema kazi haingoji mtu.

— Na wewe huna kazi? aliuliza Stimu.

— Nilikuwa mpasua mbao. Mgongo ukakataa. Sasa niko nyumbani tu. Na huko nyumbani mkwe wetu Lea, mke wa mwanetu Manase, naye yuko hivyo hivyo.

Stimu aliweka kikombe chini.

— Mama mkwe na mkwe, wote wawili? Treni mbili kwenye reli moja!

— Kijiji kizima kinatucheka, alisema Aminiel. Anayepaswa kumpikia Lea uji wa uzazi ni Eliwaza, na Eliwaza mwenyewe atakuwa kitandani.

— Usijali, Baba Babu, alisema Hakimu, na jina hilo likamganda mgeni wetu palepale. Wahenga walisema, ng'ombe haelemewi na nunduye.

— Maana yake nini hapa?

— Maana yake mwanamke hachoshwi na tumbo lake.

— Mzee, miguu imemvimba!

— Ndiyo maana ng'ombe akapewa minne.

Nilimwongezea Aminiel kahawa bila kuombwa. Mtu anayekaa na Hakimu anastahili kitu.

— Kosa lenu ni moja, alisema Stimu. Angebeba kikapu. Mtu akishika kikapu mbele, nani atajua nyuma ya kikapu kuna nini?

— Akiambiwa aketi?

— Anaketi na kikapu.

— Akiambiwa akiweke chini?

— Anakuwa na cha pili.

— Kuficha ni hatia, alisema Hakimu. Mimi ningelisema jambo wazi. Ofisini leo wameingia waombaji wawili. Mtoto naye ameomba kazi, tena bila kuitwa. Mama akiajiriwa leo, mtoto ameajiriwa leo. Huyo atazaliwa tayari ni mtumishi wa siku nyingi!

— Na likizo je?

— Si ndiyo yuko likizo sasa hivi? Analala kutwa, anakula bure, anabebwa kila anakokwenda.

— Basi huyo si mtumishi, nikasema mimi. Huyo ni DC.

Hata Aminiel alicheka, lakini macho yake hayakubanduka kwenye njia ya Boma. Alikuwa anaogopa, na hakuona haya kuogopa. Uzazi uliopita ulimtesa sana mkewe, alituambia, na sasa ni mtu mzima zaidi.

Ndipo tukamwona Eliwaza anakuja polepole, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika viatu.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mwanangu, alijibu Hakimu. Leta habari.

— Memsahibu amenikubali. Kusoma nimesoma mbele yake, kushona nimeshona. Tumbo hata halikumshtua. Amesema nijifungue kwa amani, nianze mvua za vuli zikikatika.

— Mungu asifiwe! alisema Aminiel.

— Bado. Akauliza, siku nikienda vijijini kuwafundisha wenzangu kulea, wangu atalelewa na nani? Nikamwambia, na baba yake.

Benchi zima lilimgeukia Aminiel kama mtu aliyekamatwa na mbuzi wa wenyewe.

— Mimi?

— Ana baba mwingine? Wewe uko nyumbani. Mgongo umekataa mbao, lakini mtoto si gogo. Na wa Lea akilia utampakata naye. Basi memsahibu akacheka mpaka akavua miwani. Nikamwambia sikusema mzaha. Akasema, mlete nimuulize swali moja kabla sijafunga ofisi. Ukimdhihirishia kwamba utalea kweli, kazi ni yangu. La sivyo anamchukua mwombaji mwingine, mwanamke wa kijiji cha Kifaru.

— Swali gani?

— Maji ya kumwogesha mtoto mchanga, utajuaje kama joto lake linafaa?

Tulikuwa wanaume wanne, na watoto wetu wangejaza darasa.

Stimu ndiye aliyeanza.

— Kwenye injini kuna saa ya kupimia. Mshale ukifika penye wekundu, unafungulia mvuke.

— Mtoto utamfungulia wapi? nikauliza.

— Mtoto ana njia zake.

— Tulieni, alisema Hakimu. Maji moto hayachomi nyumba. Hilo limeshahukumiwa na wahenga. Kama hayachomi nyumba, yatamchomaje mtoto aliyemo ndani ya nyumba?

Eliwaza alifumba macho.

— Asheri! alisema Aminiel. Wewe unachemsha maji kutwa kucha!

— Mimi nangoja yatokote, basi.

Aminiel akamgeukia mkewe.

— Mama Manase, niambie wewe basi.

— Nikikuambia utamjibu, halafu utasahau. Watoto wanne nimewaogesha, na wewe ulikuwa palepale uani unanoa msumeno. Nimechoka, Aminiel. Naitaka kazi hii, na huyu mtoto namtaka, na sitaki kuchagua. Twende.

Alisema kwa sauti ya chini, na kwangu ilipenya kuliko angepiga kelele. Aminiel alivua lile koti, akaliacha kwenye benchi, akachukua viatu vya mkewe mkononi. Wakaondoka.

Tulingoja. Stimu alikunywa, Hakimu alikunywa, wakaomba tena. Hakimu alianza methali mbili na zote akaziacha katikati, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Nilipoliinamisha birika mara ya mwisho lilitoa masimbi matupu, mashapo ya kahawa.

Waliporudi, shati la Aminiel lilikuwa limelowa mkono mmoja mpaka begani.

— Umejibu nini? tuliuliza wote.

— Nimesema sijui.

— Umeitupa kazi ya mkeo! alisema Hakimu.

— Nikasema, sijui, mama, nipe beseni nijifunze. Akanipa beseni, maji ya moto, maji ya baridi, na mtoto wa bandia. Mara ya kwanza nikamwunguza. Mara ya pili nikamgandisha. Mara ya tatu huyu hapa akanishika mkono, akanizamisha kiwiko.

— Kiwiko?

— Kiwiko. Kiganja changu kimeota sugu la msumeno, hakisikii kitu. Kiwiko hakijawahi kufanya kazi maishani.

— Kama Hakimu, alisema Stimu.

— Na kazi? nikauliza mimi.

— Kaandikwa, alisema Aminiel. Akajifuta uso kwa ule mkono wa shati uliolowa, ikawa hatujui lipi chozi na lipi maji ya beseni.

Hakimu aliinuka, akampisha Eliwaza benchi zima. Stimu akamsogezea gunia akaweka miguu juu. Nilifurahi kama amepata dada yangu.

— Kaka Asheri, nipe kahawa na mimi, alisema Eliwaza.

— Imeisha, dada. Hawa wameimaliza. Yamebaki maji tu.

— Hata maji.

Nilijaza bakuli, lakini Aminiel akaniwahi, akalichukua mikononi mwangu. Akakunja mkono wa shati, akachovya kiwiko, akatulia kidogo kama anayesikiliza.

— Yanafaa, akasema.

Eliwaza aliyatazama yale maji, akatutazama sisi mmoja mmoja, akayanywa yote.