Taa Nyekundu ya Marehemu Calist Kitundu

Mchungaji, baba yetu Mzee Mathayo, shemeji yangu Selina na watoto, ndugu waombolezaji mliotoka Shelui, Ikungi na kwingineko, poleni na safari, poleni na msiba, mimi ni Fredrick, mdogo wake marehemu, familia imenipa karatasi hii niisome, nami naomba mnivumilie, maana kuna mahali sitaisoma kama ilivyoandikwa.

Marehemu Calist Mathayo Kitundu alizaliwa tarehe 14 Machi 1984 hapa Kinampanda, mtoto wa kwanza wa Mzee Mathayo na marehemu mama yetu Agripina, akasoma shule ya msingi hapa kijijini mwaka 1991 hadi 1997, na kidato cha nne akamaliza Kiomboi mwaka 2001, baba alitaka awe mwalimu lakini yeye alikuwa mtu wa kufungua redio za watu, na tuseme ukweli, nyingine hazikufungika tena.

Mwaka 2004 alianza ufundi wa redio na televisheni Shelui, mwaka 2012 akanunua kamera, na mwaka 2018 akapata swicha, ile mashine ya vitufe inayochagua picha ya kamera ipi ionekane, akaiunganisha kwa nyaya na rekoda ya kuhifadhi picha na sauti, na skrini kubwa, hata akiwa amekaa kwenye kiti chake alibonyeza kitufe kimoja tu, rekoda ikaanza, skrini ikawaka, na taa nyekundu ikawaka mbele yake, watu wakawa wanaacha kumtazama bibi harusi wanamtazama yeye.

Tarehe 12 Juni 2010 alifunga ndoa na Selina, wakajaliwa watoto wawili, Damari mwaka 2011 na Simeoni mwaka 2015.

Tarehe 20 Agosti 2022 wazazi wetu walitimiza miaka arobaini ya ndoa, tukafanya ibada ya shukrani, Calist akirekodi, mama akiwa tayari na saratani, akasimama ameshikiliwa, akatubariki watoto wake mmoja mmoja kwa jina, nusu Kiswahili nusu Kinyiramba, na tarehe 11 Septemba akafariki, nasi tulipotaka kuisikia tena sauti yake tukakuta rekoda haina kitu.

Karatasi inasema hapa kwamba mitambo ilipata hitilafu. Si kweli.

Taa nyekundu iliwaka siku ile, ila taa ile huonyesha kwamba swicha imetoa amri, haionyeshi kwamba rekoda imetii, na rekoda haikuwa na umeme, kwa sababu mimi Fredrick niliichomoa plagi yake nichaji simu yangu, na mama alipokaa nikachomoa chaja, nikairudisha plagi kimya kimya. Baba alimkataza Calist asikanyage nyumbani, akisema ameipoteza sauti ya mama kwa majivuno ya vitufe, na katika kumlaumu mimi ndiye niliyepaza sauti kuliko wote, wakati yeye alikuwa ameikuta chaja yangu nimeisahau palepale kwenye ekstensheni, akajua ni mimi, asinitaje.

Alianza kuugua figo Februari 2024, akatibiwa Singida na baadaye Dodoma, na mwezi uliopita nilipomwendea kuomba msamaha aliniambia, "Fredi, kwenda kuitazama rekoda ilikuwa kazi yangu. Usimwambie baba, atapoteza watoto wawili." Alifariki Ijumaa tarehe 3 Oktoba 2025, saa kumi na moja alfajiri, bila baba kumwona.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na leo kifo cha kaka yangu kimeniumbua mimi. Baba, mtoto uliyemfukuza hakuwa na kosa, na mwenye kosa umekuwa ukila naye meza moja miaka mitatu.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Kinampanda waliochimba kaburi tangu asubuhi, na wapiga picha wenzake kutoka Shelui, hasa Gasto, aliyeketi pale kwenye swicha ya marehemu akirekodi mazishi haya.

Gasto, taa nyekundu naiona, lakini inuka, nenda kaitazame rekoda kwa macho yako, na kama haijashika maneno yangu niambie, nitayasema upya baba akisikia.

Pumzika kwa amani, kaka Calist, lawama uliyonibebea nimeichukua.