Kabro Juu ya Laini ya Choo

Tumsifu Yesu Kristu. Nashukuru jumuiya kwa kukubali kuja kwangu leo. Wale mko kwa jua, sogeeni huku karibu na ukuta, bado kuna viti. Mwenyekiti amenipa dakika kumi, lakini mnanijua nikianza kuongea, kwa hivyo mnivumilie.

Zamu yangu ya kuwakaribisha imepita mara mbili. Ya kwanza niliwaambia nimeenda Nyeri mazishi. Ya pili nikasema ni goti. Ndugu zangu, nawaambia ukweli, hakukuwa na mazishi, na goti langu liko sawa kabisa. Nilikuwa nimejifungia hapa ndani kwa sababu ya choo. Chekeni tu, hata mimi siku hizi nacheka.

Marehemu mume wangu ndiye alijenga hii nyumba. Laini ya choo inatoka nyuma ya nyumba, inapita hapa chini ya viti vyenu, inaingia kwa shimo la septic pale karibu na geti. Mzee aliweka manhole tatu, yale mashimo yenye mfuniko wa chuma, ili laini ikiziba fundi afungue aone shida iko wapi. Kila mwaka kabla ya mvua alikuwa anazifungua anaangalia, na mimi namwambia aache kunichafulia uwanja.

Mwaka jana msichana wangu akatuletea kijana. Ni Mmaasai, watu wao wako Bisil, mpole, anaheshimu watu. Wazee wakapanga siku ya kuja kuongea mahari. Mimi nikaangalia uwanja, udongo mweusi, matope, mifuniko imeshika kutu, nikaona aibu. Nikachukua akiba yote ya duka langu la yunifomu nikaita vijana wa kabro, yale matofali ya saruji ya kutandika uwanjani.

Fundi wao akaniuliza, "Mathe, hizi manhole tuziinue zifike juu?"

Nikamwambia, "Funika. Sitaki wakwe waingie hapa wakiangalia choo."

Akaniuliza mara ya pili. Nikamwambia kama hataki kazi aseme, mafundi ni wengi Kitengela.

Wageni wakaja, wakasifu uwanja, mahari tukaelewana. Siku hiyo nilitembea juu ya hizo kabro kama mke wa gavana.

Halafu mvua ya Aprili ikaja. Mnajua udongo wetu, ukinyeshewa unafura, ukikauka unapasuka mpaka mkono unaingia. Paipu ya mzee ilikuwa nyembamba, imelazwa kwa huo udongo hivyo hivyo. Choo ikaanza kunguruma. Baadaye nikimwaga maji chooni, yanatokea bafuni. Mnisamehe, najua chakula iko karibu.

Fundi wa kwanza akasukuma waya ikagonga mahali ikakataa. Wa pili akamwaga dawa ikanichoma macho tu. Wa tatu akauliza manhole ziko wapi. Nikamwonyesha kabro. Aliketi juu ya boksi yake ya vyuma, akasema, "Mama, hii haijaziba, imevunjika. Ni kuchimba yote mpaka septic, tutoe udongo mweusi, tuweke changarawe ya moramu na mchanga, paipu nzito, na manhole mpya. Laki moja na themanini." Na pesa yangu yote ilikuwa chini, tunaikanyaga.

Basi nikawa mtu wa kwenda choo ya petrol station. Miezi miwili, wapendwa. Naoga kwa beseni, namwaga maji nikiangalia kama kuna mtu. Na sikuambia mtu, hata msichana wangu. Mimi mwenye kabro niseme sina choo?

Sasa mama ya kijana akapiga simu. Akina mama wa kwao walitaka kuja kulala kwangu siku mbili kabla ya harusi, tujuane. Nikamwambia wangoje kwanza. Akapiga tena, nikasema niko bize. Mara ya tatu sikushika.

Wiki iliyofuata msichana wangu akanipigia akilia. Baba ya kijana alikuwa amesema tumewadharau, tumekubali mahari halafu tunawaona watu wa porini, na mambo ya harusi yasimame. Msichana akaniuliza, "Mum, umewakataa?" Nikamwambia nitawapigia. Na sikupiga. Nilikuwa nakaa na simu mkononi, nashindwa nianzie wapi. Heri ningekatwa kidole. Nilikuwa namwona mtoto wangu akikosa bwana, na bado aibu ikanishinda.

Jumanne moja asubuhi geti ikabishwa. Ni mama ya kijana, peke yake, na kibuyu cha maziwa mkononi.

"Sopa," akanisalimia.

"Ipa," nikajibu. Nikamwekea kiti, akakataa kukaa.

"Nimekuja uniambie kwa mdomo wako," akasema. "Kama hutaki hawa watoto kwa sababu sisi ni Wamaasai, sema, nirudi nyumbani. Sitakasirika. Lakini usiniambie kwa simu. Na kwanza nionyeshe choo, nimetoka mbali."

Ndugu zangu, hapo ndipo niliisha. Nililia nikishika mlango. Nikamwambia, "Mama, choo hakuna. Imekufa. Ndio maana." Nikamwambia yote, kabro, manhole, petrol station, na ile uongo ya goti.

Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta. "Mzee yangu hajakula vizuri wiki mbili, anasema tumedharauliwa," akasema. "Kumbe ni choo?"

Akanishika mkono, akaniambia twende. Tukaenda kwa jirani, huyu mwenye amekaa hapo na leso ya kijani, ambaye kwa miaka kumi na moja nilikuwa namsalimia kwa mkono tu juu ya ukuta. Mama akamwambia, "Sisi wawili tunaomba choo." Jirani akafungua mlango bila kuuliza swali. Tuliporudi mama alipigia mzee wake simu, wakaongea Kimaasai, na nikasikia huyo mzee akicheka ndani ya simu.

Wiki hiyo hiyo kijana akaja na binamu zake wawili, na jembe. Mnajua mila, zao na zetu, mkwe hata hakai karibu na mama mkwe. Na huyu alikuwa ndani ya mtaro wangu na gambuti miguuni, akitoa uchafu wangu na koleo. Mimi nilikuwa napitia nyuma ya nyumba nisimwangalie, na chai naacha kwa dirisha. Heshima ilibaki, lakini kazi ilifanyika.

Jirani akaambia mwenyekiti, na nyinyi mkachanga. Sikuwa nimeomba. Nusu ya kabro nilimuuzia mtu anajenga, ndio maana mnaona hapa katikati ni kokoto. Yule fundi wa tatu alikubali pesa iliyobaki nilipe pole pole, na mwezi uliopita nimemaliza. Siku ya kujaribu laini aliniambia nisimame kwa manhole ya mwisho, akamwaga ndoo ya maji chooni. Nikaona maji yakipita kwa kasi. Nililia tena, safari hii kwa furaha.

Nawashukuru. Jirani yangu, Mungu akubariki. Yule fundi aliyeniuliza mara mbili, popote alipo, anisamehe.

Na kama kuna mtu hapa kuna kitu kimeharibika kwake, aambie hata mtu mmoja. Ukinyamaza, wale wanakupenda watajitafutia sababu wenyewe, na ile watapata ni mbaya kuliko yako. Mimi nilificha paipu, watu wakaona nimewakataa.

Harusi ni Jumamosi ijayo. Akina mama wa Bisil wanafika Alhamisi, wako wanane, watalala hapa. Chakula sasa iko tayari, mikono tunanawa pale, na mwenye anataka choo ni mlango wa pili kushoto, asione haya.