Werema Nyangwine, Fundi Aliyetaka Kila Neno Lifike

Marehemu Werema Nyangwine alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, Kemambo, wilayani Tarime, mtoto wa tatu wa mzee Nyangwine na mama Tabitha. Akiwa shule ya misheni aliifungua redio ya padri ili amwone msomaji wa habari. Padri hakumchapa, alimpa bisibisi iliyo bora zaidi.

Alisomea ufundi Mwanza, 1983 hadi 1985, akafungua kibanda cha kutengeneza redio mjini Tarime. Tarehe 17 Desemba 1988 alifunga ndoa na Ghati.

Mwaka 1994 aliajiriwa Ikoma, wilayani Serengeti, kutunza redio za askari wa wanyamapori. Miaka ya baadaye askari hao walipewa maikrofoni zinazogusa mfupa nyuma ya sikio. Hazipokei upepo wala mngurumo wa gari, ila maneno hutoka mazito, kama ya mtu aliyejifunika blanketi. Siku moja askari Athanas, akiwa na mwenzake aliyejeruhiwa na nyati, alitaja mahali walipo mara tano bila kueleweka. Majeruhi aliokolewa, lakini Werema hakutulia tena.

Alipostaafu mwaka 2021, yeye na binti yake Mokami, mwalimu wa kompyuta, waliwarekodi wanakwaya wakisoma Zaburi kwa maikrofoni mbili kwa pamoja, ya mfupa na ya kawaida, ili kompyuta ijifunze kurudisha kilichopotea. Kwa pupa yao walianza na wanaume wa besi peke yao, maana ndio waliowahi mazoezini. Ghati alipojaribu kusema kwa maikrofoni ya mfupa, kompyuta ikatoa sauti nene ya kiume!

"Baba Mokami, huyu mwanamume ni nani? Mwambie atoke nyumbani kwangu."

"Mama, huyo ni wewe!" Mokami alicheka.

Wakarekodi upya, akina mama mbele. Tarehe 9 Juni 2023 Athanas alizungumza ndani ya gari linalonguruma, na kila silabi ikafika safi! Werema alitoka mbio hadi barabarani, hedifoni shingoni, akiwaita vijana wa bodaboda: "Njooni mumsikie! Njooni!"

Mwaka 2024 alianza kuugua moyo. Alasiri ya Jumamosi, 8 Februari 2025, hospitalini Tarime, mvua ilipiga mabati hata hakuna aliyemsikia mwenzake. Werema alinyoosha kidole kwenye mkoba wake wa vifaa. Mokami akamvalisha maikrofoni ya mfupa, na mama yake hedifoni.

"Ghati, unanisikia?"

"Nakusikia, Baba Mokami. Ni wewe kabisa."

Akatabasamu. Jioni ile alifariki dunia.

Ameacha mjane, watoto wanne, Mokami, Jackson, Eunice na Waitara, na wajukuu tisa.

Pumzika kwa amani, fundi. Tumekusikia.