Aliyezima Kipaza Sauti: Martina Mkude na Jioni Zetu za Wageni

Tarehe 30 Juni 2025 Bi. Martina Mkude atakabidhi funguo za ukumbi wa jumuiya yetu ya Wahindu hapa Morogoro mjini, baada ya kuutumikia kwa miaka thelathini na mmoja. Aliajiriwa mwaka 1994 kuwa mpokea wageni. Muda si mrefu akapewa kuratibu Jioni za Wageni, yale mazungumzo ya Alhamisi ambayo mtu yeyote wa mji, awe mwanajumuiya au asiwe, huja kunywa chai na kumsikiliza msemaji mwalikwa. Kazi hiyo ndiyo iliyompa jina, na ndiyo iliyomtesa.

Tuseme ukweli kuhusu wasemaji hao. Wengi hawakuwa na la kusema, na walilisema kwa kirefu.

Alikuwepo mtaalamu wa matumizi bora ya muda, kutoka Dar es Salaam, aliyefika chai imeshapoa na watoto wamelala mapajani mwa mama zao, akaanza kwa kutusifu kwa uvumilivu wetu. Alikuwepo mwandishi wa kitabu cha mafanikio, ambaye mafanikio pekee tuliyoyaona kwake ni kile kitabu, tena maboksi yake Bi. Martina ndiye aliyeyapokea stendi ya Msamvu. Mhadhiri mmoja alitusomea karatasi ileile mara mbili. Mara ya kwanza iliitwa changamoto, mara ya pili ikaitwa fursa. Na yule mshauri wa mazingira alitueleza huzuni yake juu ya misitu ya Uluguru huku ameipa mgongo milima yenyewe, amenyoosha kidole upande wa Dodoma. Hakuna aliyemrekebisha. Tulitaka amalize.

Bi. Martina alikuwa na dawa yake. Msemaji akipitiliza, alimwendea kwa heshima zote na kumwekea kachori ya moto kiganjani. Hakuna binadamu anayeweza kuhutubia taifa akiwa ameshika kachori ya moto.

Lakini mwaka 2017 kachori haikutosha.

Mwaka huo alikuwa amekwenda Arusha msibani kwa wakwe zake, akakutana na muuguzi mstaafu aitwaye Rahel Adani, wa familia moja kati ya familia chache za Kiyahudi za huko. Akamwomba aje atueleze watu wachache wanaishije katikati ya watu wengi. Mama Rahel alikataa mara kadhaa, akisema yeye si msemaji. Bi. Martina alimjibu kwamba hiyo ndiyo sifa anayoitafuta.

Mwenyekiti wetu wa wakati huo, Bw. Bharat, alikuwa na ugonjwa wa vyeo. Jina lisilotanguliwa na kitu aliliona kama mtu asiyevaa shati. Alipoona mgeni wa Alhamisi ni "Rahel Adani" tupu, alimwongeza Dk. Godfrey Mwasomola, mshauri wa mambo yote, ambaye udaktari wake hakuna aliyewahi kujua aliupatia wapi. Daktari akapewa jioni nzima. Mama Rahel, aliyesafiri kutwa nzima kwa basi, akaambiwa atapata dakika chache mwishoni, zikibaki.

Dk. Mwasomola alizungumzia jamii ndogo na maendeleo. Aliwaeleza Wahindu waliokuwa mbele yake jinsi Wahindu walivyo. Watu waliozaliwa nyuma ya maduka ya babu zao hapa Morogoro aliwaita "ndugu zetu wageni". Kisha akachangamka.

"Chukulieni Wayahudi," alisema. "Hao hapa kwetu hawajawahi kuwepo. Ukimwona mmoja ujue amekuja jana kwa ndege, anatafuta madini."

Akacheka. Safu ya mbele, alipokaa Bw. Bharat, ikacheka naye. Mama Rahel alikuwa safu hiyohiyo, mkoba mapajani. Hakuinua uso.

Mimi nilikuwa kwenye mitambo ya sauti. Bi. Martina alikuja akasimama pembeni yangu.

"Nasibu, zima."

"Nizime nini, dada?"

Hakurudia. Alinyoosha mkono akakizima kipaza sauti mwenyewe.

Daktari alikigonga kwa kidole. "Umeme umekatika?" akauliza, taa zote za ukumbi zikiwa zinawaka.

"Umeme upo, daktari," Bi. Martina alimjibu akiwa amesimama palepale. "Muda wako ndio umekwisha. Mama huyu hapa ni Myahudi, amezaliwa Arusha, na ndiye mgeni wetu wa leo. Tunaomba umpishe."

Daktari alimtazama mwenyekiti, na mwenyekiti akatazama viatu vyake. Basi daktari akaondoka bila kuaga, ila shada la maua alilopewa alikumbuka kuondoka nalo.

Nikakiwasha tena kipaza sauti, Mama Rahel akaja mbele. "Sikuja kumjibu mtu," alisema. Akatueleza kuhusu baba yake, aliyekuwa akiwasha mishumaa kila Ijumaa jua linapozama, na jirani yao aliyedhani nyumba hiyo imeishiwa mafuta, akawa anawapelekea taa. Baba yake alikuwa akiipokea na kumshukuru kila wiki, kwa sababu kumweleza kungekuwa kumnyima jirani sadaka yake. Watu walicheka, na safari hii Mama Rahel alicheka nao.

Ndipo akasimama Bi. Bhagwati, mkubwa wetu kwa umri, ambaye kwa miaka mingi alihudhuria jioni zetu bila kuuliza swali hata moja. Nadhani alikuwa hajasikia kitu cha kuulizia.

"Mama, mlikuwa mnazikanaje?" aliuliza. "Sisi pia tulikuwa wachache. Najua lilivyo gumu."

"Sala yetu ya maiti inataka wanaume kumi," Mama Rahel alijibu. "Siku tuliyomzika baba walikuwepo sita. Majirani zetu Waislamu na Wakristo wakaja wakasimama pamoja nao, wakajaza mstari. Kwa sheria yetu hawahesabiki. Walijua. Walisimama mpaka mwisho."

Hakuna aliyepiga makofi. Bi. Bhagwati alimfuata pale mbele, akamshika mikono yote miwili, na chai ya siku hiyo ilinywewa taratibu sana.

Kesho yake Bw. Bharat alimwita Bi. Martina ofisini. "Umeniaibisha mbele ya mgeni wangu," alimwambia.

"Na mgeni wangu, mwenyekiti, nani alimwaibisha?"

Akasimamishwa kazi. Akafunga mizigo yake akaenda kwa mama yake, kijijini Mkuyuni, akiamini ameshafukuzwa, na alikuwa na watoto wawili shuleni. Bw. Bharat akazishika jioni zetu kwa mikono yake. Ili kumtuliza Dk. Mwasomola alimwalika tena, naye, kwa kuwa aibu ni kitu alichowahi kukisikia kwa watu tu, akaja. Waliomsikiliza ni mwenyekiti, mlinzi na mimi. Wiki iliyofuata Bi. Bhagwati alikuja na dereva, akachukua kiti alichokuwa ameutolea ukumbi, akakirudisha nyumbani. Wengine wakaanza kuulizia viti vyao.

Hapo Bw. Bharat akaelewa. Kwa heshima yake niseme kwamba hakutuma mtu. Alikwenda Mkuyuni mwenyewe, wakati wa masika, gari likazama kwenye matope, vijana wa sokoni wakalisukuma. Mama yake Bi. Martina alimpa chakula kabla hajamruhusu kusema lolote. Alipokwisha kula akaomba radhi, akamwomba mfanyakazi wake arudi.

"Nitarudi," Bi. Martina alimwambia, "ila wageni nitawachagua mimi."

Bw. Bharat amesoma maneno haya kabla hayajachapwa. Amesema yaachwe, isipokuwa gari halikuzama sana.

Tangu hapo jioni zetu zimekuwa fupi na ukumbi umejaa. Wasemaji wabovu hawakuisha, maana nchi hii inawavuna mara mbili kwa mwaka, ila walijifunza kumwogopa mwanamke mwembamba aliyekaa karibu na swichi. Na Mama Rahel alipofariki mwaka 2022, Bi. Martina alisafiri hadi Arusha pamoja na Hetal, binti wa Bi. Bhagwati, wakasimama kaburini na watu wake.

Kamati ilimuuliza Bi. Martina angependa nani awe mgeni rasmi wa sherehe ya kumuaga. Amejibu kwamba amesikiliza vya kutosha. Ameomba chakula kiandaliwe mwanzoni, na watu wazungumze wao kwa wao.

Dada Martina, tunakushukuru kwa masikio yako na kwa kidole chako. Upumzike Mkuyuni kwa afya na amani, na kila atakayebisha hodi kwako awe na jambo la kusema, alimalize, aende zake.

Nasibu Kondo
Fundi mitambo wa ukumbi